Sekunde Zisizo za Kangomba

Msimu wa korosho unapofunguka, karibu na Oktoba, mkulima wa Nachingwea au Ruangwa huiwaza mizani kabla ya bei. Gunia likifika ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, hupimwa mbele ya macho yake, korosho chache hukatwa kuangaliwa ubora, na unyevu nao hukaguliwa, maana korosho isiyoanikwa vizuri huwa nzito bila kuwa na thamani zaidi. Kisha mzigo huingia mnadani chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake limeshonwa kutokana na wilaya tatu: Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kinyume cha mizani nacho kina jina ambalo kila mtu wa ukanda huu analijua. Ni kangomba, yaani kuuza pembeni, kwa bakuli au kwa kukisia, na anayepunjwa habaki na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Mtu aliyekulia katika hali hiyo hahitaji somo refu ili aelewe kwa nini mwogeleaji huandika muda wake. Inatosha kumwambia kwamba sekunde nazo zina unyevu.

Kuogelea ni mchezo ambao mwili wa mchezaji ni shahidi mbaya. Mkimbiaji huona miti ikimpita na husikia hatua zake mwenyewe. Mwogeleaji uso wake uko chini. Anaona sakafu ya bwawa, na kama yuko baharini pengine haoni kitu. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, na ukinzani wake huongezeka haraka kuliko kasi yenyewe: anayetaka kwenda kasi zaidi kwa asilimia 10 hudaiwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 33. Ndiyo maana mtoto anayepiga maji kwa fujo, povu likiruka, hutoka akihema na kuapa kwamba leo amekwenda kama papa, wakati saa inaonyesha amechelewa kuliko juzi alipoogelea kwa utulivu. Hakusema uongo. Juhudi aliitoa kweli, ila iliishia kwenye povu. Pasipo saa, yeye na mwalimu wake wataendelea kulisifu povu hilo muhula mzima.

Lakini saa yenyewe imewahi kukosea, tena mbele ya dunia nzima.

Roma, mwaka 1960, ilikuwa fainali ya mita 100 mtindo huru ya Olimpiki. John Devitt wa Australia na Lance Larson wa Marekani waligusa ukuta karibu kwa pamoja. Siku zile kila njia ilikuwa na watu watatu wenye saa za mkononi, na pembeni walikuwepo majaji wa kutazama kwa macho nani ametangulia. Saa tatu za Larson zilisoma 55.0, 55.1 na 55.1. Saa tatu za Devitt zote zilisoma 55.2. Dhahabu akapewa Devitt. Macho ya majaji yaliwekwa juu ya saa sita, na muda wa Larson ukasahihishwa kuwa 55.2 ili karatasi zisigombane. Ubishi ule ulisukuma kazi ya kutengeneza pedi za ukutani, ambazo mwogeleaji mwenyewe huzigusa na kuisimamisha saa kwa mkono wake. Pedi za Omega zilitumika katika Michezo ya Mataifa ya Amerika mjini Winnipeg mwaka 1967, na mwaka uliofuata zikawa kwenye Olimpiki ya Mexico.

Miaka minne baadaye likaibuka kosa la upande wa pili. Mjini Munich, mwaka 1972, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walimaliza mita 400 za mitindo mchanganyiko, na ubao ukaonyesha wamelingana. Waamuzi wakashuka hadi sehemu ya elfu ya sekunde: 4:31.981 kwa Larsson, 4:31.983 kwa McKee. Sehemu mbili za elfu za sekunde zikaamua nani avae dhahabu. Kwa mwendo wao, muda huo ni kama milimita 3 za maji, wakati kanuni zenyewe za ujenzi huruhusu njia ya bwawa kuzidi urefu wake kwa zaidi ya hapo. Yaani walipima kwa udogo ambao kuta za bwawa zisingeweza kuuthibitisha. Ni kama kulipima gunia la korosho kwa mizani ya mchimba dhahabu wa Namungo na kuamini ile tarakimu ya mwisho. Baada ya hapo mchezo ulirudi kwenye sehemu ya mia na kukubali sare. Kwa hiyo Rio mwaka 2016 ilishuhudia watu watatu wakigawana medali ya fedha ya mita 100 kipepeo kwa muda uleule wa 51.14: Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungary.

Visa hivi viwili vinafaa kukumbukwa na kila mwalimu anayeshika saa, hata kama hajawahi kuiona pedi ya ukutani. Kimoja kinaonya dhidi ya kudharau saa, cha pili dhidi ya kuidai saa izidi uwezo wake.

Tanzania iko wapi katika hesabu hizi? Waogeleaji wake wamefika Olimpiki mara kadhaa. Rio 2016 walikuwepo Hilal Hilal na Magdalena Moshi. Paris 2024 wakaenda Collins Saliboko na Sophia Latiff. Mlango wa moja kwa moja wa Paris ulikuwa mwembamba sana: sekunde 48.34 kwa mita 100 mtindo huru wanaume, na 24.70 kwa mita 50 wanawake. Watanzania waliingia kwa mlango mwingine, nafasi zinazotengwa ili kila taifa lipate kuwakilishwa, kwa kawaida mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Wapo wanaouona mlango huo kama zawadi. Wanakosea, kwa sababu hata nafasi hizo hugawiwa kwa karatasi. Mwogeleaji lazima awe amepimwa katika mashindano yanayotambuliwa, na wenye alama za juu kuliko wenzao nchini ndio wanaopewa nafasi.

Alama hizo zina hesabu ambayo inafaa kuelezwa, maana ndiyo lugha inayomlinganisha mtoto wa Dar es Salaam na wa Kigali au Nairobi. Shirikisho la dunia, World Aquatics, huchukua muda wa msingi unaotokana na rekodi ya dunia, huugawa kwa muda wa mwogeleaji, hulipandisha jibu kwenye kipeo cha tatu, kisha huzidisha kwa 1000. Chukua 46.40, muda ambao Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 mjini Paris mwaka 2024, uwe ndio msingi. Anayetumia sekunde 60 kamili hupata alama 462. Akishuka hadi 58 hupata 512. Sekunde mbili, alama 50. Anayefanya hesabu hii mara moja tu huacha kuona sekunde mbili kuwa kitu kidogo, na huacha pia kuamini kwamba "anaogelea vizuri" ni maelezo yanayotosha.

Tatizo ni kwamba karatasi hizi huandikwa sehemu chache. Mashindano mengi ya taifa yamefanyika kwenye mabwawa ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, kama ile ya Tanganyika na HOPAC, na klabu zinazotamba zimekulia hukohuko. Mtoto wa Ruangwa hawezi kuonekana mwepesi wala mzito kwa sababu hajapimwa. Wilaya hii si ngeni kwa mafanikio ya kitaifa: Namungo FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini mpira unaweza kuchezwa popote penye uwanja, na kuogelea kunadai maji yenye kipimo.

Tuseme basi maji yapo, mahali fulani, na mwalimu ana daftari na simu ya kitochi yenye saa ya kupimia muda. Anaweza kuiamini kiasi gani?

Kidole cha binadamu huchelewa. Mwanzoni mpimaji husubiri aone au asikie ndipo abonyeze. Mwishoni humwona mchezaji akikaribia na kidole hujiandaa mapema. Matokeo yake muda wa mkono huwa mfupi kuliko ukweli. Riadha ililitambua hili zamani, ndiyo maana muda wa mkono wa mita 100 huongezwa sekunde 0.24 unapolinganishwa na wa umeme. Kuna pia kosa la sikio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mpimaji aliyesimama mita 100 kutoka kwenye filimbi huisikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kupigwa. Dawa yake haigharimu kitu: anayeanzisha ashushe mkono au kitambaa, na mpimaji atazame kwa jicho.

Dawa ya pili imo kwenye kanuni za mchezo wenyewe. Wakiwepo wapima muda watatu na saa mbili zikaafikiana, muda huo ndio huandikwa. Zote tatu zikipishana, huchukuliwa ule wa katikati. Wanafunzi watatu wenye vitochi vitatu, basi, ni jopo halali la kupima. Na hapo kuna faida ambayo saa ya umeme haina: wale watatu hujifunza kwamba macho yao hayalingani, na kwamba hilo si aibu.

Dawa ya tatu ndiyo kubwa, na mara nyingi husahaulika. Kama kosa la kidole ni sekunde 0.2 au 0.3, basi kumpima mtoto mita 25 na kushangilia kwamba ametoka 24.8 hadi 24.5 ni kushangilia kidole. Kosa lilelile kwenye mita 200, ambazo mtoto huyo ataogelea kwa dakika nne, halina uzito wa kutisha. Vilevile, mita 50 zikirudiwa mara nane kwa mapumziko sawa na kutafutiwa wastani, kosa la bahati hupungua hadi karibu theluthi moja. Kwa hiyo asiye na vifaa apime marefu na apime mara nyingi. Mbio fupi za kufa na kupona aziachie wenye pedi. Ushauri huu unapingana na hamu ya kila mtoto, anayetaka kujua leo hii nani ni mwepesi zaidi kwa mita 25. Mwalimu mzuri atawaacha washindane kwa furaha, kisha ataandika kitu kingine.

Aandike nini? Hapa ndipo unyevu wa sekunde unapoingia.

Desemba 2024, mjini Budapest, Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman aliogelea mita 50 mtindo huru kwa sekunde 19.90, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 20. Miaka 15 nyuma, Desemba 2009, César Cielo wa Brazil alikuwa ameweka 20.91. Anayesoma tarakimu tupu atasema Crooks amempita Cielo kwa sekunde nzima. Lakini Crooks alikuwa kwenye bwawa la mita 25. Katikati ya safari aligeuka, akausukuma ukuta kwa miguu yote miwili, na mtu anayetoka ukutani huenda haraka kuliko mikono yoyote inavyoweza kumvuta. Cielo alikwenda mita 50 mfululizo bila ukuta wa kumsaidia. Naye Cielo alikuwa amevaa lile vazi la plastiki la mwaka 2009, lililoinua mwili juu ya maji na kuziangusha rekodi 43 za dunia katika mashindano ya Roma pekee, kabla ya kupigwa marufuku kuanzia 2010. Muda mmoja una ukuta ndani yake, mwingine una vazi. Hakuna udanganyifu katika yote mawili, ila mtu asiyaweke kwenye gunia moja.

Ukiwa Lindi, maji yenyewe yanatembea. Mkulima wa bara huenda asijue, lakini mvuvi wa ghuba ya Lindi anajua kwamba wakati wa bamvua maji hukimbia, na wakati wa maji mafu hutulia. Wengi hudhani kwamba mtu akienda na kurudi, mkondo anaoupata akienda utafidiwa na ule anaoupinga akirudi. Haufidiwi. Mwogeleaji wa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kwenye maji yaliyotulia, atakwenda mita 100 na kurudi kwa sekunde 200. Weka mkondo wa mita 0.3 kwa sekunde: atakwenda kwa sekunde 77, atarudi kwa 143, jumla 220. Amepoteza sekunde 20 bila kupungukiwa nguvu hata kidogo, kwa kuwa anaupinga mkondo kwa muda mrefu kuliko anavyosaidiwa nao. Mwalimu asiyeandika hali ya maji atamwambia mtoto huyo kwamba amezembea. Huo ndio upunjaji wenyewe, na aliyepunjwa ni mtoto.

Kwa sababu hiyo daftari la maana huwa na maneno mengi kuliko tarakimu: tarehe na saa, urefu wa njia na jinsi ulivyopimwa, maji yanajaa au yanapwa, upepo, mtoto alianza kwa kuruka au kwa kusukuma, alikula lini, alilala vipi. Wasichana wanaofunga au walio katika siku zao wanayo haki ya kuandika alama yao wenyewe bila kuulizwa mbele ya wenzao. Muda unakuja mwisho wa mstari.

Kisha huja kusoma, na wengi huishia kabla ya hapo. Yapo madaftari yaliyojaa muda ambao hakuna aliyeuuliza swali.

Swali la kwanza ni la gharama. Pembeni mwa muda huandikwa idadi ya mikono, yaani mara ngapi mkono umeingia majini katika mita 25. Waogeleaji wengi hujumlisha hivyo viwili. Mtoto aliyetumia sekunde 26 na mikono 24 ana jumla ya 50. Wiki ijayo akija na sekunde 25 kwa mikono 29, jumla imepanda hadi 54: amepata sekunde moja kwa kulipa mikono mitano, bei ambayo hataimudu kwenye mita 200. Jumla hii isitumike kumlinganisha mtoto na mwenzake, kwa sababu mwenye mikono mirefu atamshinda mwenye mifupi kabla hata hawajalowa. Inamfaa mtu mmoja, dhidi ya nafsi yake ya wiki iliyopita.

Swali la pili ni la mwendo anaoweza kuushikilia. Tuseme mwanafunzi ameogelea mita 400 kwa dakika 8 kamili, na siku nyingine mita 200 kwa dakika 3 na sekunde 44. Tofauti ya umbali ni mita 200, tofauti ya muda ni sekunde 256. Gawanya, utapata mita 0.78 kwa sekunde, yaani mita 100 kwa dakika 2 na sekunde 8. Huo, kwa makisio, ndio mwendo anaoweza kuuvumilia kwa muda mrefu bila kuvunjika. Mazoezi ya kujenga pumzi hupangwa kuuzunguka. Mtoto akipewa mita 100 mara sita kwa mwendo huo, mapumziko sekunde 20, mwalimu ataona mapema kama ya nne imeanza kuporomoka. James Counsilman, mwalimu maarufu wa Chuo Kikuu cha Indiana aliyewafundisha akina Mark Spitz, alieneza matumizi ya saa kubwa yenye mkono wa sekunde kando ya bwawa kwa ajili ya kazi hii, ili mwogeleaji ausome muda wake mwenyewe anapogusa ukuta. Kilichobadilika pale ni nani anayeijua namba. Mtoto anayejisomea muda wake huanza kuuhisi mwendo mwilini, na baada ya miezi huweza kuutaja kabla hajaitazama saa.

Yapo matumizi mabaya ya daftari, na Nachingwea inayo historia inayoyaeleza vizuri. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza chini ya John Wakefield ulizunguka kwa wiki 9 tu, sehemu kubwa ya safari ikiwa angani, kisha ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara kuja bara. Malengo yalikuwa yameandikwa London kwa tarakimu kamili kabla ya mvua kupimwa vya kutosha na kabla ya udongo kujaribiwa kwa jembe. Januari 1951 mpango ukafutwa, na reli nayo haikufikisha miaka mingi. Hesabu zilitangulia vipimo. Mwalimu anayemwambia mtoto, "mwisho wa muhula nataka sekunde 40," kabla hajampima hata mara moja, anafuata njia ileile. Lengo halali huzaliwa na daftari la wiki nne au sita, likionyesha mtoto huyu hupungua kiasi gani na siku zake hupishana kiasi gani.

Siku hupishana hata kwa mabingwa. Muda wa mwogeleaji wa Olimpiki hupanda na kushuka kutoka shindano hadi shindano bila afya yake kuwa na tatizo. Kwa mtoto mpishano ni mkubwa zaidi. Halafu kuna mwili unaokua. Kijana wa miaka 13 anaweza kupunguza sekunde 5 kwa mwaka kwa sababu tu amerefuka, na mwalimu akajisifu. Mwaka unaofuata mwili wake unatafuta mizani mpya, muda unakwama, na kijana analaumiwa. Wazazi wengi hukosea hapa, kwa kusoma muda kama ripoti ya tabia. Kubandika orodha ya muda ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho huwafukuza walio nyuma, na mara nyingi walio nyuma ni wale walioanza karibuni.

Linabaki swali gumu kuliko yote: maji. Nachingwea na Ruangwa ziko bara. Mbwemkuru hupita kaskazini na Lukuledi hushuka kusini kuelekea ghuba ya Lindi, lakini mito ya kusini ina mamba, hufurika masika, na madimbwi yake hubeba kichocho, ugonjwa wa siku nyingi katika ukanda huu. Mwalimu asipeleke watoto mtoni na kitochi. Bwawa la mita 25 lina gharama ya kulijenga na gharama kubwa zaidi ya kulitunza, ya maji, dawa na umeme.

Mfano unaofaa kutazamwa ni wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alijiandaa kwa Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 kwenye bwawa la hoteli mjini Malabo lisilozidi mita 13 hivi. Aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, peke yake, wapinzani wake wawili wakiwa wameondolewa kwa kuanza mapema, na dunia ikamjua kwa uchovu wake wa mita za mwisho. Sehemu ya pili ya kisa husimuliwa mara chache. Aliendelea na mazoezi na kupimwa, na miaka minne baadaye alikuwa ameshuka chini ya sekunde 57, karibu nusu ya muda wa Sydney. Matatizo ya viza yakamzuia kwenda Athens. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Ile 1:52.72 ilikuwa mstari wa kwanza wa daftari.

Kwa wilaya hizi mbili mstari wa kwanza pengine usiwe wa kasi kabisa. Shirika la Afya Duniani linahimiza watoto wa umri wa shule wafundishwe stadi za msingi za kuogelea na usalama wa majini, na kule Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na watoto kuelea na kujiokoa, wanawake wakiwa na mavazi ya stara. Kipimo huko ni dakika za kuelea chali bila kugusa chini, na mita za kurudi ufukweni. Navyo huandikika kwenye daftari lilelile: leo sekunde 40, wiki ijayo dakika moja na nusu.

Na kuna uwanja wa shule. Riadha ndiyo inayoweza kufundisha mizani ya muda tangu kesho asubuhi, kwenye udongo mwekundu, kwa kamba iliyopimwa na vitochi vitatu. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alimaliza marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huohuo. Picha ya mstari wa mwisho ilionyesha tofauti ya sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Mtoto aliyezoea kupimwa mita 800 uwanjani, akijua kwa nini anaandika upepo na saa ya siku, atafika majini akiwa na nusu ya elimu.

Majini atafika wakati wa likizo, kwa basi la Lindi, pamoja na mwalimu na mtu mzima anayejua kuokoa, mtumbwi ukiwa karibu. Siku ya maji mafu, kamba ya mita 25 hutandazwa sambamba na ufukwe kwenye kina cha kifuani, ikishikiliwa na madumu mawili ya njano ya lita 20 yaliyofungwa kwa mawe. Mita 200 ni mara nane kando ya kamba. Ukurasa mmoja ungeweza kusomeka hivi: Jumamosi, saa 3 asubuhi, maji yamesimama, upepo mdogo, ameanza kwa kusukuma, kila mita 50, sekunde 62, 66, 75, 74, jumla 4:37. Jumamosi ya pili ya maji mafu, saa ileile, hali ileile: 63, 65, 74, 73; jumla 4:35. Sekunde mbili za jumla zinaweza kuwa za vidole. Sekunde 9 zinazopotea kila mara katika mita 50 za tatu haziwezi kuwa za vidole. Mwalimu anapiga mstari chini ya ile 75 na ile 74, anamwita mtoto, anamwomba aogelee polepole kando ya kamba huku yeye akitembea naye ndani ya maji, na anaona: baada ya mita 100 mtoto huacha kutoa pumzi majini, huinua kichwa chote kuvuta hewa, na miguu inazama. Jumamosi ya tatu saa inabaki kwenye mfuko wa suruali kwa nusu saa nzima, wakijifunza kutoa mapovu.